Kila Mtaa Ulie

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na mji ukiitwa Shangama, na Sultani wake jina lake Haidari. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya. Hakuua, hakunyang'anya, wala hakula mali ya yatima, isipokuwa pale alipokuwa amesahau kwamba ni ya yatima. Ila alikuwa na kilema kimoja: alipenda makelele. Sikukuu isiyotikisa madirisha ya jumba lake aliihesabu kuwa ni siku ya kazi, na harusi isiyowaamsha popo kwake ilikuwa ni posa tu.

Basi babu yake Sultani alikuwa ameacha sheria, kwa sababu nyumba za Shangama, ukiondoa zile za mawe za wakubwa, ziliezekwa kwa makuti, na makuti ya kiangazi hayangoji kubembelezwa. Sheria ilisema: baruti haiwashwi ndani ya mji, si na mdogo wala si na mkubwa. Kila sultani aliyetawazwa aliapa mbele ya kadhi kuilinda. Haidari naye aliapa, na kiapo chake akakitimiza kwa namna aliyoiweza, maana tangu siku ile neno "baruti" halikutoka kinywani mwake. Kuwashwa, iliwashwa. Kila Idi fataki zililia mtaa hata mtaa, na mwenye kuziuza alikuwa shemeji wa Waziri Badi, ambaye alizificha chini ya magunia ya mchele, mahali ambapo mji mzima ulijua kuwa zimefichwa. Ile sheria watu waliiheshimu kama wanavyomheshimu mkwe: ikipita wanainama, ikishapita wanaendelea na yao.

Nyuma ya mji palikuwa na mtaa wa Makutini, na humo alikaa mtu akiitwa Vuai, maskini wa kupigiwa mfano. Alikuwa na kanzu moja, na siku ya kuifua alishinda ndani. Watu walimwita punguani kwa kuwa kila neno alilichukua kama lilivyosemwa. Ukimwambia "karibu tule" kwa adabu tu, alikaribia akala. Ukimwambia "nakuja mara moja," siku uliyokuja mara ya pili alikuuliza kwa nini umevunja ahadi. Wakamcheka, naye akawaacha wacheke, kwa maana mtu anayechekwa hapewi kazi nzito.

Vuai aliishi na mama yake, Bi Kazija, aliyekuwa amepooza miguu. Baba yake, mzee Ngwali mshona kofia, alikufa Idi ya mwaka uliopita. Fataki ya mtu ilianguka juu ya paa, na kabla watu hawajajua kama ni moshi wa pilau au moshi wa msiba, safu nzima ya nyumba ilikuwa inawaka. Mzee Ngwali akambeba mkewe akamtoa nje, akamlaza penye mchanga, kisha akarudi ndani kuchukua kofia ya mteja aliyokuwa akiishona, kwa sababu aliiona ni amana. Paa likamwangukia. Vuai alikuwa upande wa pili wa mji siku hiyo, akila Idi kwa watu, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Sasa Idi ile ile, wakati Makutini inawaka, Sultani hakusikia kilio chake, maana masikio yake yalikuwa kwingine. Kutoka ng'ambo ya hori la bahari, upande wa mji wa Mwambani, ulisikika mlio mmoja mkubwa uliotikisa vikombe juu ya sinia. Sultani akabaki ameshika kikombe chake, uso umemshuka. Akasema, "Waziri, umesikia watu wanavyosherehekea? Na sisi tunapasua vijifataki kama watu wanaobanja korosho." Tangu siku hiyo hakulala vizuri kwa wivu.

Mwaka ulipozunguka, akamwalika Liwali Zahorani wa Mwambani aje ale Idi Shangama, makusudi asikie. Liwali akafika, mtu mpole, amejifunika joho. Alipoamkiana na Sultani akatoa mkono wa kushoto, na watu wote barazani wakatazamana, maana hakuna mtu mwenye adabu zake anayemwamkia mwenziwe kwa kushoto, seuze sultani. Haidari akameza hasira akamwambia Waziri pembeni, "Huyu ametudharau mbele ya watu. Nataka mji wangu uvume mpaka kwao waanguke vitandani. Piga mbiu, kila mtaa uwashe ile... ile..."

"Ile nini, Seyidi yangu?"

"Ile unayoijua."

"Naijua, Seyidi. Lakini kadhi atakuwapo mbiu ikipigwa, na sheria ya marehemu babu yako ina masikio." Waziri akakuna ndevu, na fikira njema ikamjia, au yeye aliiona njema. "Tusiitaje, Seyidi. Fataki ikipasuka Waswahili husemaje? Husema imelia. Basi tuseme kila mtaa ulie. Mwenye akili ataelewa, na kadhi hatakuwa na la kushika."

Sultani akafurahi, akamsifu Waziri kwa ufasaha wake. Asubuhi mpiga mbiu akazunguka mji na pembe yake, na kwa kuwa la mgambo likilia kuna jambo, watu wakatoka wakasikiliza.

"Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Sultani wenu asema hivi: siku ya Idi, baada ya sala ya alasiri, kila mtaa ulie. Mtaa wa Makutini, ambao mwaka jana ulikatiza sherehe kwa fujo za kuchota maji, mwaka huu ndio utakaoanza, na ulie kuliko yote, na mitaa mingine ifuate. Mtaa usiolia, watu wake watahama, na kiwanja chao atapewa mwenye haja nacho."

Mwenye haja nacho alikuwa shemeji yake Waziri, ambaye alitaka mahali pa kujenga ghala. Hilo halikuwa ndani ya mbiu, lakini mji mzima ulilijua pia.

Jioni ile watu wa Makutini wakakusanyika kwa mkubwa wa mtaa, Mzee Hamduni. Alikuwa ameketi, na mbele yake kikapu cha fataki alichokopeshwa na shemeji yake Waziri kwa ukarimu ambao haujapata kuonekana kwa mtu yule. Mzee Hamduni hakukitazama kile kikapu.

"Jamaa zangu," akasema, "mimi pia sipendi. Lakini tukihama tutahamia wapi? Heri waungue wachache kuliko kutawanyika wote. Tuombe Mungu upepo uwe wa kusi, uzipeleke cheche upande wa mikoko."

Bi Kazija alikuwa pale juu ya kitanda chake, ambacho Vuai na jirani walikileta kwa kukibeba. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka jana nilitolewa na mume wangu. Mwaka huu nani atanitoa?"

Vuai alimtazama mama yake, kwa maana alijua kwamba swali lile lilikuwa lake. Akainuka.

"Mzee Hamduni, mbiu ilisema tufanye nini?"

"Ulikuwapo, Vuai. Ilisema tulie."

"Ilisema tuwashe baruti?"

"Haikusema. Lakini hata mtoto anajua kilichokusudiwa."

"Aliyekusudia hakusema, na aliyesema hakukusudia. Sasa sisi tumtii yupi? Mimi ni mjinga, mzee wangu, nalijua neno lililosemwa tu. Tumeambiwa tulie, basi tutalia. Tena mtaa huu hauna haja ya kufundishwa."

Watu wakaguna, wengine wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu walianza kuelewa. Mzee Hamduni akasema, "Na sisi wanaume? Mimi nimemzika baba yangu bila kutoa chozi mbele za watu."

"Wewe utakata vitunguu, mzee. Ni Idi, na pilau halipikwi bila vitunguu. Nani atakuuliza?"

"Na Sultani akighadhibika?"

"Mwambieni ni Vuai aliyewadanganya. Punguani hakosi kubebeshwa kosa."

Bi Kazija akamshika mwanawe upindo wa kanzu. "Mwanangu, watakufunga."

"Wakinifunga, mama, utajua niliko. Baba hatujui hata alikuwa amefika chumba gani." Akakichukua kile kikapu, akaenda akakizamisha kisimani kwa mwuza fataki mwenyewe, na kamba akamwachia.

Ikawa siku ya Idi. Watu wakasali, wakapeana mikono, na alasiri ilipokwisha Sultani akaketi rosheni pamoja na Liwali Zahorani, Waziri nyuma yao na kadhi kando. Mitaa yote ilikuwa kimya. Watu wamekaa vizingitini na fataki mkononi na viberiti tayari, wakingoja Makutini waanze, kama walivyoamriwa.

Makutini wakaanza. Kwanza palikuwa na sauti za kukatakata, kwa maana kila nyumba ilitoa ubao na kisu. Kisha akalia mmoja, wakalia wawili, na Mzee Hamduni, aliyekuwa na vitunguu vikali kuliko vya wote, akatoa kilio cha mtu aliyekiweka tangu alipomzika baba yake. Wengine walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja, wakigombezana nani amelia vizuri. Lakini Bi Kazija hakuwa na kisu wala kitunguu. Alikaa akitazama mahali ilipokuwa nyumba yake ya zamani, akamwita mumewe kwa jina mara moja tu, "Ngwali." Hapo michezo ikaisha. Wanawake waliokuwa wakijikamua machozi wakaona hawana haja ya kujikamua, na mtaa mzima ukalia kilio cha kweli, kile ambacho mwaka jana kilikosa nafasi kwa ajili ya kuchota maji.

Kilio kile kikaenda juu ya mapaa kikafika mitaa mingine. Watu wakashika fataki zao wakisikiliza. Mmoja akasema, "Huo si mlio. Huo ni msiba." Mwingine akasema, "Kilio kikubwa namna hiyo si cha mtu mdogo. Nani mkubwa mji huu?" Wakatazamana, na jibu likawa moja. Basi nani angethubutu kuwasha fataki siku ya kufa Sultani? Wakazitupa ndani ya mitungi ya maji kwa hofu ya kuonekana nazo, wakavaa vilemba vya msiba, wakabeba sahani za pilau na biriani ili wafiwa wasihangaike kupika, wakashika njia ya jumba la Sultani, nao wakilia. Hivyo mbiu ikatimia neno kwa neno: Makutini walianza, na mitaa mingine ikafuata.

Sultani akiwa rosheni akauona mji wake wote unamjia kwa machozi. Akasikia chini watu wakizungumza.

"Kafa nini?"

"Nasikia fataki imempasukia."

"Mungu amrehemu. Hakuwa mbaya, ila masikio."

"Leo usiku tutalala," akasema wa tatu, akajifuta machozi.

Mwosha maiti akapanda ngazi na sanda kwapani, akamkuta Sultani amesimama juu ya miguu yake miwili. Akamtazama, akamgeukia Waziri, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Basi tungoje?"

Sultani akanguruma aletwe aliyeanzisha mambo haya, na hakukuwa na haja ya kumtafuta, maana Vuai alikuwa tayari ngazini, amembeba mama yake mgongoni. Akamkalisha juu ya busati, akainama.

"Ewe punguani," akasema Sultani, "umeigeuza Idi yangu kuwa matanga. Nani aliyekuamuru?"

"Wewe, Seyidi, dumu milele. Mpiga mbiu yupo, aulizwe."

Mpiga mbiu akaulizwa, akaisoma mbiu yote toka kichwani, neno baada ya neno, kwa sauti nzuri, kwa kuwa aliipenda kazi yake. Alipofika "ulie kuliko yote," Vuai akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyepata.

Waziri Badi akaruka, "Seyidi, huyu ajifanya hajui. Mlio uliotakiwa ni mlio mwingine."

"Bwana Waziri," akasema Vuai, "nifundishe, nami ni mtu nisiye na elimu. Neno hili ni pana. Mtoto hulia, na ngoma hulia. Kuna sahani ya kulia, na kuna mkono wa kulia. Sisi tulishika lile tunalolijua zaidi. Wewe ulikusudia lipi? Kinachotakiwa kulia ni nini? Kitaje, tukikimbilie sasa hivi. Na bwana kadhi yupo, atakuwa shahidi wa utii wetu."

Waziri akafungua kinywa. Kadhi akamgeukia taratibu, akaweka mkono nyuma ya sikio ili asikie vizuri. Waziri akafunga kinywa. Akamtazama Sultani, na Sultani akatazama dari, ambayo siku hiyo ilikuwa na mengi ya kutazamwa.

Ndipo watu walipogundua kwamba mgeni hayupo kitini pake. Liwali Zahorani alikuwa ameshuka akaketi chini juu ya busati, kando ya Bi Kazija, kama watu wanavyoketi penye msiba.

"Pole, bibi," alikuwa akisema. "Nasi kwetu Idi iliyopita ilikuwa hivi hivi. Sikujua kama na huku yaliwafika."

"Kwenu?" akasema Sultani. "Kwenu mlisherehekea mpaka vikombe vyangu vikacheza. Nilisikia mlio wenu kwa masikio yangu."

"Ule, Seyidi? Lile lilikuwa ghala la mwuza fataki." Liwali akafunua joho lake, na chini ya kiwiko cha upande wa pili hapakuwa na kitu. "Mtaa mzima ulikwenda. Na mkono wangu wa kulia ulibaki huko, nikichokora kifusi kinachowaka. Niliona haya kukuamkia kwa huu wa kushoto, lakini ndio nilio nao."

Sultani Haidari, aliyekuwa ameuonea wivu mlio ule mwaka mzima, akaketi polepole. Akamtazama Liwali, akamtazama bibi aliyeketi kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu atawazwe akaona mji ukinyamaza ni jambo jema. Akaona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Kadhi," akasema mwishowe, "baruti." Watu wakashtuka kulisikia neno lile kinywani mwake. "Baruti haiwashwi ndani ya mji, si na mdogo wala si na mkubwa. Na mkubwa huyo ni mimi. Magunia ya mchele ya shemeji yake Waziri yainuliwe leo, na kilicho chini yake kimwagwe horini, naye Waziri akibebe mwenyewe." Kisha akamgeukia Vuai. "Na wewe, kesho ni Idi pili. Umenilizia watu. Nipe maneno ya mbiu yatakayowafurahisha, na kama hayafai nitakufunga, maana siwezi kuaibika bila kumfunga mtu."

"Seyidi, mbiu yako ilikuwa nzuri. Toa herufi moja tu. Badala ya kila mtaa ulie, sema kila mtaa ule."

Waziri, ambaye bado hakuwa amejifunza, akasema, "Watu hawataelewa. Wakisikia 'mtaa ule' watauliza ni mtaa upi ule."

"Aliyeshiba atauliza, bwana Waziri," akajibu Vuai. "Mwenye njaa atachukua sahani."

"Na nani atakayewalisha?" akauliza Sultani.

"Mbiu ni ya nani, Seyidi?"

Sultani akacheka, akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na watu waliokuja kumzika wakacheka naye, na zile sahani za matanga zikafunuliwa hapo hapo ili chakula kisiharibike. Kesho yake mbiu ikapigwa, ng'ombe wa Sultani wakachinjwa, masufuria yakateremshwa kila mtaa. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga matari, watoto wakagonga madebe mpaka popo wakaamka, na hakuna kuti hata moja lililoungua. Vuai akapewa kanzu mpya, na tangu hapo siku za kufua akawa anaonekana nje.

Sultani mwenyewe akaenda kula Makutini, akaketi juu ya mkeka mbele ya Bi Kazija. Wakawekewa sinia moja wao wawili, na Sultani akashindwa kunyoosha mkono.

"Bibi," akasema, "nimekuja kukuomba radhi ya mzee Ngwali."

Bi Kazija akamsogezea sinia, akamchagulia mnofu kwa vidole vyake, kama anavyofanyiwa mgeni.

"Kula kwanza, Seyidi," akasema. "Wali unapoa. Hayo mengine hayapoi."

Sultani akala, kichwa ameinamisha. Hekaya yangu inakomea kwenye sinia hilo. Nami niliyewasimulia nilifika nimechelewa, nikakuta ukoko.